Kutoka Dodoma hadi Chuo cha Ng'ambo: Mwongozo wa Kuhesabu Siku kwa Kurudi Nyuma

Safari nyingi za masomo ng'ambo hazikwamishwi na alama. Mwanafunzi ana udahili mkononi, ada imepatikana, ndugu wameshachanga, halafu Septemba inamkuta bado yuko Nkuhungu kwa sababu jina la kwenye cheti cha kuzaliwa limepishana herufi moja na la kwenye cheti cha kidato cha nne, na hilo limeonekana Julai. Makosa ya namna hii yanazuilika kabisa, ila yanataka muda. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na kalenda. Viza na tiketi zitafuata.

Anza na tarehe ya kufungua chuo

Chukua karatasi. Chini kabisa andika tarehe ambayo chuo kinakutaka uwe umeripoti. Kisha panda juu, ukitenga muda wa kila jambo: wiki moja ya kujipanga baada ya kufika, wiki tatu hadi nane za viza, siku 28 za fedha kukaa benki kwa nchi zinazodai hivyo, mwezi mmoja wa pasipoti, miezi miwili au mitatu ya kurekebisha majina iwapo yana kasoro. Ukimaliza kupanda, na ukiongeza miezi ya kuomba na kusubiri udahili, utajikuta karibu mwaka mzima nyuma. Huo ndio muda halisi.

Vyuo vingi vya Ulaya hufungua Septemba au Oktoba. Ujerumani, mwisho wa kuomba muhula unaoanza Oktoba huwa ni 15 Julai kwa programu nyingi, ingawa programu za uzamili zinazopendwa hufunga miezi kadhaa kabla. Ufadhili wa serikali ya Uturuki kwa kawaida hupokea maombi kuanzia 10 Januari hadi 20 Februari. Ufadhili wa serikali ya China huombwa miezi ya mwanzo wa mwaka kwa masomo ya Septemba. Anayesubiri tangazo litokee ndipo atafute pasipoti, kila mwaka atachelewa.

Kwa waliomaliza kidato cha sita kuna ugumu wa pekee. Mtihani ni Mei, matokeo hutoka Julai, na wengi wakati huo wako Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mujibu wa sheria. Kuanzia hapo hadi chuo cha Ulaya kifungue inabaki miezi miwili, nayo haitoshi. Ushauri wetu: lenga udahili wa Januari au Februari kwa vyuo vinavyoutoa, au tumia mwaka mmoja kujiandaa vizuri. Mwaka huo haupotei ukiutumia kusoma lugha. Chuo Kikuu cha Dodoma kina Taasisi ya Confucius tangu 2013, na mwenye nia ya China anaweza kujifunza Kichina hapohapo mjini kabla ya kuondoka.

Kuishi Dodoma kuna faida yake. Wizara ya Elimu na Wizara ya Mambo ya Nje ziko Mji wa Serikali, Mtumba, kwa hiyo barua ambayo mwenzako wa Mbeya anaisafiria siku nzima wewe unaifuata na kurudi kabla ya adhuhuri. Lakini balozi ziko Dar es Salaam. Treni ya reli ya kisasa (SGR), iliyoanza kufika Dodoma Julai 2024, imeirahisisha safari hiyo, kwani ni kama saa nne. Hata hivyo, usipange kupanda treni ya alfajiri kwa miadi ya ubalozi ya asubuhi hiyohiyo. Nenda jana yake, ulale Dar. Balozi za Uingereza na Ujerumani ziko jengo moja, Umoja House, mtaa wa Garden, si mbali na stesheni. Nyingine zimetawanyika hadi Oysterbay na Msasani, na foleni ya huko unaijua.

Majina: kazi ya kwanza na inayodharauliwa zaidi

Weka mezani nyaraka tano: cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha taifa cha NIDA, cheti cha kidato cha nne, cha kidato cha sita au diploma, na transkripti kama unayo. Soma majina herufi kwa herufi, kwa sauti, mtu mwingine akifuatilia kwa kidole.

Mkoani kwetu tatizo hili ni kubwa kwa sababu majina ya Kigogo huandikwa kwa namna mbili. Babu aliandikwa *Ciwanga* kanisani, mwalimu wa darasa la kwanza akaandika *Chiwanga*, na karani wa NIDA akafuata alichokisikia. Kwetu ni mtu mmoja. Kwenye kompyuta ya ubalozi ni watu wawili. Yapo pia majina yanayobadilishana nafasi: jina la babu likikaa katikati kwenye cheti kimoja na mwisho kwenye kingine, ofisa wa nje hajui lipi ni la ukoo.

Kanuni ya kurekebisha ni kuanzia kwenye cheti kisichobadilika kwa urahisi. Kwa mwanafunzi, hicho ni cheti cha NECTA, yaani Baraza la Mitihani, kwa hiyo mara nyingi nyaraka nyingine ndizo husogezwa zikifuate. Cheti cha kuzaliwa hurekebishwa RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, kitambulisho hurekebishwa NIDA. Tofauti ndogo ya herufi huweza kumalizwa kwa hati ya kiapo mbele ya wakili. Kubadili jina kabisa kunahitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa, ambayo watu wengi huiita didipoli. Usiifanye hiyo ya pili kabla hujauliza kama ya kwanza inatosha, maana nchi nyingine huendelea kuiulizia didipoli kila unapojaza fomu.

Pasipoti ikishatoka, hiyo ndiyo inayoongoza. Fomu ya chuo, tiketi, bima, akaunti ya benki, vyote viandikwe kama ilivyo kwenye mistari miwili ya chini ya ukurasa wa picha, ile yenye alama za mishale. Usifupishe jina la kati kuwa herufi moja.

Pasipoti

Maombi hujazwa mtandaoni kwenye tovuti ya Idara ya Uhamiaji. Pasipoti ya kielektroniki, inayotolewa tangu 2018, hudumu miaka 10 na gharama yake ya kawaida ni shilingi 150,000: unaanza kulipa 20,000 ya fomu, kisha 130,000 iliyobaki, zote kwa namba ya malipo ya serikali. Usimpe mtu fedha mkononi. Andaa cheti cha kuzaliwa chako, cha mzazi au kiapo badala yake, kitambulisho cha NIDA, picha, na barua inayoeleza safari. Barua ya udahili inafaa sana hapa. Kama bado hujadahiliwa, barua ya mwaliko wa usaili au ya kuomba ufadhili husaidia.

Kuna mtego: vyuo vingi hutaka namba ya pasipoti kwenye fomu ya maombi, na wewe unangoja udahili ndipo uombe pasipoti. Nenda ofisi ya Uhamiaji ya mkoa na tangazo la ufadhili lenyewe lililochapishwa, ueleze mapema. Zungumza kwa adabu, uliza jina la nyaraka inayopungua, uandike. Wengi hurudishwa mara tatu kwa sababu mara ya kwanza hawakuuliza orodha nzima.

Kuchagua chuo, na ruhusa ya TCU

Kabla ya kulipa chochote hakikisha mambo mawili: chuo kinatambulika kwao, na sifa zako za kuingia zinakubalika kwetu. La pili ndilo linaloumiza. Vipo vyuo vya nje vinavyopokea mwanafunzi yeyote mwenye ada. Ukienda kusoma udaktari wa binadamu bila ufaulu wa masomo ya Fizikia, Kemia na Baiolojia unaotakiwa hapa nchini, unaweza kusoma miaka sita na kurudi na shahada inayokataliwa. Hakuna wa kulilia wakati huo. Kwa hiyo anayetaka udaktari aulize Baraza la Madaktari Tanganyika kabla, mhandisi aulize bodi ya usajili wa wahandisi, na anayetaka sheria ajue kwamba akirudi bado atapitia Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo (Law School of Tanzania) kabla ya kuwa wakili.

Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, hutoa cheti cha kutokuwa na pingamizi kwa Mtanzania anayekwenda kusoma nje. Kiombe kwa mtandao ukiwa na vyeti, barua ya udahili na pasipoti. Faida yake ni kwamba sifa zako hukaguliwa ungali nyumbani, na kama kuna shaka unaijua kabla ya kuuza mashamba.

Mawakala wapo, na TCU husajili wanaoruhusiwa. Wakala mzuri hupunguza mahangaiko, lakini yapo mambo matatu usiyomwachia. Barua pepe ya maombi iwe yako na nywila uijue wewe. Ada iingie kwenye akaunti ya chuo, isiingie kwenye akaunti ya mtu. Barua ya udahili iombe kutoka chuoni moja kwa moja, kisha uilinganishe na aliyokupa. Wakala akikasirika kwa sababu umeandikia chuo, hilo ni jibu tosha.

Fedha: hapa ndipo maombi mengi ya viza yanapokufa

Kwetu, ada ya mtoto ni ya ukoo. Baba mdogo anatoa milioni tatu, mjomba wa Kondoa anauza ng'ombe wawili, shangazi anakopa VICOBA. Ofisi ya viza ya Uingereza haihesabu hivyo. Fedha lazima ziwe kwenye akaunti ya mwanafunzi, au ya mzazi wake, au ya mlezi anayetambuliwa kisheria. Baba mdogo kwao si baba. Ukipeleka taarifa ya benki ya mjomba, hata iwe na mamilioni mangapi, ombi linaanguka.

Dawa yake ni kukusanya michango yote mapema kwenye akaunti moja, ya kwako au ya mzazi, halafu kuiacha ilale. Uingereza inataka fedha zikae siku 28 mfululizo bila salio kushuka chini ya kiwango hata siku moja, na siku ya mwisho ya taarifa isizidi siku 31 kabla ya kutuma ombi. Itazame kwa karibu. Tuseme kiwango chako ni shilingi milioni 45 na salio ni milioni 45 na laki mbili. Siku ya 19 mama anatoa laki tatu kumlipia mdogo wako shule. Salio limeshuka chini ya kiwango kwa laki moja tu, na hata kesho yake akirudisha, hesabu ya siku 28 inaanza upya. Kwa sababu hiyo, na kwa sababu shilingi hupanda na kushuka dhidi ya pauni, weka angalau asilimia 10 juu ya kiwango na usiiguse akaunti hiyo. Ukitumia akaunti ya mzazi, ambatanisha cheti chako cha kuzaliwa na barua yake ya ridhaa.

Ujerumani wana utaratibu mwingine. Unafungua akaunti maalumu iliyozuiliwa na kuweka euro 11,904 za mwaka mmoja, ambazo ukifika unapewa 992 kila mwezi. Wengi hawajiandai kwa jambo moja: fedha hizo hazifunguki siku ya kutua. Kwanza usajili makazi, kisha ufungue akaunti ya kawaida, ndipo zianze kushuka. Hiyo huchukua wiki kadhaa, na ndizo wiki za kulipa dhamana ya chumba, ambayo yaweza kufika kodi ya miezi mitatu. Tafuta euro 1,500 hivi nje ya akaunti ile.

Unapotuma ada kwa benki, waambie gharama zote zibebwe na mtumaji. Usiposema, benki za kati hukata njiani. Unatuma dola 2,000, zinafika 1,950, na mfumo wa chuo unaandika kwamba hujamaliza kulipa. Barua muhimu ya viza inashikiliwa kwa dola 50. Andika namba yako ya mwanafunzi kwenye sehemu ya maelezo ya malipo, na stakabadhi uiskani siku hiyohiyo.

Kuhusu fedha taslimu, ukibeba zaidi ya dola 10,000 lazima utoe tamko mpakani. Mwanafunzi hana haja ya kubeba hata robo ya hizo.

Viza kwa nchi chache

Uingereza: baada ya chuo kukupa namba ya uthibitisho wa udahili, unajaza fomu mtandaoni, unalipia huduma ya afya kwa miaka yote ya masomo kwa mkupuo, kisha unakwenda kutoa alama za vidole. Mtanzania anayekaa zaidi ya miezi sita hupimwa kifua kikuu kwenye kliniki waliyoiidhinisha. Kipimo cha hospitali yako ya kawaida hakikubaliki. Cheti hicho hudumu miezi sita, kwa hiyo usikifanye mapema mno. Viza yenyewe siku hizi ni ya kielektroniki. Fungua akaunti yao ya mtandaoni na uhakikishe namba ya pasipoti imeunganishwa kabla hujaenda uwanjani, maana shirika la ndege hukagua humo.

China: masomo ya zaidi ya siku 180 yanahitaji viza ya X1, na chini ya hapo ni X2. Chuo hukutumia barua ya udahili na fomu ya JW201 kwa wenye ufadhili wa serikali yao, au JW202 kwa wanaojilipia. Nyaraka hizi halisi usiziweke kwenye begi la chini ya ndege. Beba pia fomu ya uchunguzi wa afya yenye mhuri uliopita juu ya picha. X1 ni ya kuingia mara moja tu, na ndani ya siku 30 tangu uingie lazima uombe kibali cha ukaazi. Ukitoka nje ya China kabla ya kibali, huwezi kurudi kwa viza ileile.

India: mwenye viza ya zaidi ya siku 180 hujisajili kwa ofisi ya usajili wa wageni ndani ya siku 14 tangu afike, kwa mtandao. Ofisi ya wanafunzi wa kigeni chuoni husaidia, lakini kuhesabu siku ni kazi yako.

Marekani masharti kwa Watanzania yamekuwa yakibadilika. Soma tangazo la ubalozi wao kabla ya kulipa hata ada ya maombi ya chuo.

Chanjo na dawa

Kadi ya manjano: sindano moja ya homa ya manjano, angalau siku 10 kabla ya safari. Tangu 2016 inatambulika kwa maisha yote, kwa hiyo kadi ya zamani haijaisha. Dawa unazotumia kila siku zibaki kwenye pakiti zake, na barua ya daktari iandikwe kwa Kiingereza ikitaja jina la kitaalamu la dawa. Miwani, beba jozi mbili. Meno tibu kabla ya kuondoka. Bima nyingi za wanafunzi huyashughulikia meno kwa shida, na gharama yake huko itakushtua.

Begi

Begi kubwa kwa kawaida ni kilo 23 na la mkononi kilo 7 hadi 10, ila tiketi yako ndiyo yenye neno la mwisho. Pima nyumbani, acha nafasi ya kilo moja. Pawabenki haiingii kwenye begi la chini ya ndege. Ya 20,000 mAh ni takriban saa-wati 74, chini ya kikomo cha 100, hivyo huruhusiwa mkononi. Vimiminika vya mkononi visizidi mililita 100 kwa chupa. Plagi zetu za pini tatu za mraba zinaingia Uingereza moja kwa moja. Ujerumani na Uturuki ni pini mbili za mviringo, China wana zao. Nunua adapta mbili.

Koti zito usinunue Dodoma. Baridi ya Julai ya kwetu haifanani na ya Januari ya kule, na koti utakalolipata mitumba ya Sabasaba laweza kuwa zuri kwa macho na lisizuie upepo. Beba sweta mbili, fulana za ndani za mikono mirefu, soksi nene, na fedha ya koti. Vaa nguo nyembamba tatu juu ya nyingine, kwani hewa inayobaki katikati ndiyo inayotunza joto.

Chakula kinahitaji akili. Ulaya hawaruhusu abiria kuingiza nyama wala maziwa kutoka nje, kwa hiyo nyama kavu na samli vibaki nyumbani. Matunda mabichi mengi hayaruhusiwi bila cheti. Mlenda mkavu uliosagwa ni unga wa kijani usio na jina, na ofisa wa forodha hajawahi kuuona. Usiufunge kwenye mfuko mtupu. Utie kwenye kopo jipya lililofungwa, ubandike karatasi yenye maneno ya Kiingereza kwamba ni majani makavu ya mboga ya kupikia, uzito, na jina lako. Kiasi kisizidi nusu kilo. Uweke begi la chini, na ukiulizwa kama una chakula, sema ndiyo. Kilichotajwa, kikikataliwa, mara nyingi hutupwa tu na yakaisha. Kilichofichwa hutozwa faini. Zabibu kavu na karanga za kukaanga hazina usumbufu katika nchi nyingi, lakini angalia kanuni za nchi yako.

Begi la mkononi liwe na folda moja ya vitu hivi, halisi na nakala mbili:

- pasipoti, na picha ndogo sita
- barua ya udahili na uthibitisho wa malazi wenye anwani kamili
- vyeti vya shule, transkripti, cheti cha kuzaliwa
- taarifa ya benki au barua ya ufadhili
- kadi ya manjano na karatasi za bima

Skani zote ziwe kwenye barua pepe yako na kwa ndugu mmoja nyumbani.

Saa ya Kiswahili na saa ya tiketi

Tiketi inaposema 12 Septemba, 03:40, hiyo ni saa tisa na dakika arobaini usiku wa kuamkia tarehe 12. Unatakiwa uwe uwanja wa ndege wa Julius Nyerere (JNIA), Dar es Salaam, Jengo la Tatu la Abiria, saa sita na nusu usiku, maana yake uondoke nyumbani tarehe 11. Familia nzima inayosindikiza tarehe 12 jioni inakuta ndege ilishaondoka tangu alfajiri. Andika kwa Kiswahili kwenye karatasi, siku, tarehe na saa yetu, umpe mzazi.

Toka Dodoma siku moja kabla. Nunua tiketi moja inayofika mpaka mwisho, hata kama inazidi kidogo. Tiketi mbili tofauti zikikutana mji wa katikati, begi utalichukua mwenyewe na huenda ukahitaji viza ya hapo. Ndege ya kwanza ikichelewa, kampuni ya pili haiwajibiki kwako kwa lolote.

Laini yako ya simu isajiliwe kwa jina lako, na uiulize kampuni namna ya kupokea ujumbe ukiwa nje, kwa sababu namba za siri za benki huja humo. Iarifu benki kwamba kadi itatumika nje. Wanaokwenda China wafungue WeChat kabla ya kuondoka: huko WhatsApp na Google vimefungwa, na mzazi asiyejua hilo atakaa siku tatu akidhani mtoto amepotea. Mfundishe kuitumia mkiwa bado sebuleni.

Wiki mbili za kwanza

Siku ya kwanza: tuma ujumbe nyumbani, kula, lala. Siku ya pili anza usajili. China, polisi wanataka mgeni asajiliwe ndani ya saa 24. Bweni la chuo hukufanyia, lakini ukilala kwa rafiki ni juu yako. Ujerumani, usajili wa makazi ni ndani ya wiki mbili tangu uhamie, na unahitaji karatasi ya mwenye nyumba. Mwenye nyumba anayekataa kutoa karatasi hiyo, usimlipe. Kwa jumla chumba usikilipie ukiwa bado Dodoma kwa picha za mtandaoni tu. Bweni la chuo kwa mhula wa kwanza, kisha tafuta ukiwa huko.

Tafuta Watanzania mapema, na ujiandikishe ubalozini kwetu. Lakini usiishi nao tu. Lugha haitaingia.

Kazi za muda zina mipaka. Uingereza ni saa 20 kwa wiki wakati wa masomo kwa shahada, na wiki huhesabiwa Jumatatu hadi Jumapili. Saa 26 wiki hii na 14 ijayo tayari ni kosa. Kujiajiri hakuruhusiwi, hata kuuza vitenge mtandaoni. Ujerumani ni siku 140 nzima au nusu-siku 280 kwa mwaka. China usifanye kazi bila ruhusa ya chuo na maandishi kwenye kibali. Viza hufutwa kwa haya, na hakuna ofisa atakayesikiliza kwamba ulikuwa na njaa.

Darasani

Alama zisikuchanganye, wala zisimchanganye mzazi. Ujerumani 1.0 ndiyo ya juu kabisa, 4.0 ndiyo mwisho wa kufaulu. Mwenye 1.3 anastahili pongezi. Uingereza 70 ni daraja la kwanza na 62 ni matokeo mazuri. Mweleze baba hivyo kabla hajaona karatasi.

Kinachowaangusha wengi ni kunakili. Aya iliyochukuliwa kitabuni bila kutaja mwenyewe, hata ikiwa imebadilishwa maneno machache, huhesabiwa wizi, na kompyuta huiona. Nenda maktaba wiki ya kwanza, omba kufundishwa mfumo wa kutaja vyanzo unaotumika idarani kwako. Pia mhadhiri anapotaja saa zake za kuonana na wanafunzi, nenda. Kukaa kimya kwa heshima, kama tulivyolelewa, huko husomeka kwamba umeelewa kila kitu. Ukishindwa kuhudhuria, toa taarifa kwa maandishi. Vyuo vya Uingereza hulazimika kuiarifu serikali mwanafunzi anapotoweka darasani.

Aliyekwenda kwa muhula mmoja wa kubadilishana, ahakikishe orodha ya masomo imesainiwa na pande zote tatu: yeye, chuo cha nyumbani, na chuo mwenyeji. Somo likibadilika kule, orodha ibadilishwe na isainiwe tena wiki hiyohiyo. Bila saini, mkuu wa idara nyumbani hana cha kuhesabu, na mhula unarudiwa.

Likizo

Kibali cha ukaazi cha Ujerumani hukuruhusu kutembelea nchi nyingine za Schengen hadi siku 90 ndani ya siku 180 zozote. Uingereza haimo, wala Ireland. Beba pasipoti na kibali chenyewe, picha ya simu haitoshi. Kabla ya kuja nyumbani likizo, kagua mambo mawili: kibali kinaisha lini, na kinakuruhusu kuingia tena. Kibali kikiisha ukiwa Dodoma, unaanza viza upya.

Kurudi

Chukua cheti halisi na transkripti halisi kabla ya kuondoka, pamoja na barua ya chuo inayoonyesha tarehe ulizoanza na kumaliza. Kama cheti kitatoka miezi baadaye, acha anwani na ulipie kabisa kutumiwa. Kikiwa kwa lugha nyingine, kitafsiriwe na mtafsiri aliyeidhinishwa kulekule. Funga akaunti ya benki, omba dhamana ya chumba kwa maandishi, futa usajili wa makazi na bima, maana ankara huendelea kutumwa kwa asiyefuta.

Ukifika, omba TCU itathmini na kuitambua shahada yako, kwa sababu waajiri wa serikali huihitaji. Pasipoti uliyosomea, hata ikiisha muda, usiitupe. Mihuri ya kuingia na kutoka na viza zilizomo ndizo zinazoonyesha kwamba ulikuwa chuoni miaka hiyo, na nakala za kurasa hizo ziweke kwenye folda ileile uliyoondoka nayo.